Sura ya 7: Mgeni Aliyeshika Bendera Yetu

Taifa Stars ilikwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwezi Juni 2019 baada ya kuisubiri safari ile kwa miaka 39. Ikacheza mechi tatu, ikafungwa zote. Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Tulifunga mabao mawili, tukafungwa manane, tukarudi bila pointi hata moja, na kocha Emmanuel Amunike akaachishwa kazi kabla fainali yenyewe haijachezwa. Ukiyasoma matokeo hayo peke yake utasema hakuna aliyetoka Cairo na jina, labda Simon Msuva na Mbwana Samatta, ambao mabao yao yalikuwa ya kwanza ya Tanzania kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika tangu Lagos mwaka 1980. Lakini yupo mwingine aliyetoka nalo, na huyo hakugusa mpira. Alikuwa jukwaani, Mwingereza mwenye jezi ya Stars na bendera ya Tanzania, akipaza sauti kwa Kiswahili cha mtaani kabisa.

Anaitwa Nick Reynolds. Litaje jina hilo kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mbuyuni, hakuna atakayegeuka. Taja Bongo Zozo, watageuka wote.

Naandika habari zake nikiwa Moshi, na naamini hapa ndipo pazuri pa kumwelewea. Mji huu una uzoefu mrefu wa wageni. Mtu wa Moshi hashtuki kumsikia mzungu akisema Kiswahili. Wapo madaktari waliopita hospitali ya KCMC, wapo vijana wa kujitolea wanaokaa Shanty Town na Rau, na wapo wamisionari wa Kilutheri waliokaa Machame na Marangu mpaka Kiswahili chao kikaingia lafudhi ya Kichaga. Halafu wapo watalii waliojifunza maneno manne matano njiani wakitoka uwanja wa ndege wa KIA, na wanayatumia yote kwa pamoja mbele ya muuza ndizi. Tunawajibu, tunatabasamu, shughuli zinaendelea. Kwa hiyo mji kama huu ukisimama kumtazama mzungu kwa sababu anasema Kiswahili, ujue kuna kitu kingine zaidi ya Kiswahili.

Kitu hicho nilikielewa nilipoanza kufikiria habari za wagumu.

Msomaji ambaye hajafika huku ataniwia radhi nikimweleza kwa kirefu kidogo. Kila asubuhi ya msimu, kwenye mageti ya Marangu, Machame na Londorosi, mizigo inapimwa isizidi kilo 20 kwa kila mpagazi. Vijana wanaoibeba wanatoka Pasua, Njoro, Kibosho, Old Moshi, wengine Rombo na wengine Arusha. Tunawaita wagumu, na jina limewastahili. Wanatangulia kambini, wanasimamisha mahema, wanachota maji, wanapika, na mgeni anapofika akihema anakuta chai tayari. Na kuna kazi moja zaidi ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote. Jioni fulani, au asubuhi ya mwisho kabla ya kuagana, wanasimama nusu duara mbele ya mgeni na kuimba. Mwenye sauti anaanzisha, wengine wanaitikia, makofi yanapigwa, ndoo inageuzwa kuwa ngoma, na yule mwenye kipaji cha kuchekesha anaingia katikati na kukatika mpaka mgeni aliyechoka anacheka na kutoa simu.

Nyimbo hizo zimezunguka dunia. Ziko kwenye simu za watu wa Toronto, Berlin na Seoul, na kwa wengi wao huo ndio muziki pekee wa Kitanzania wanaoujua. Walioimba hawana majina. Baada ya wimbo unakuja wakati wa bakshishi, watu wanashikana mikono, gari linashuka mjini, na baada ya siku chache vijana wale wale wanaimba wimbo ule ule kwa mgeni mwingine. Ni kazi ya halali, imesomesha watoto na kujenga nyumba nyingi kwenye migomba ya mlima huu, na naiheshimu. Lakini tuelewe mpangilio wake: mwenyeji anaimba, mgeni anatazama.

Sasa mtazame mtu yule wa Cairo. Mgeni ndiye ameshika bendera, na bendera yenyewe ni yetu. Yeye anaimba, sisi tunatazama. Yeye anarukaruka, sisi tunatoa simu. Wengi wetu hatukuwahi kukaa upande huo wa wimbo. Tumezoea wazungu waliojifunza Kiswahili ili watufundishe kitu: dini, kilimo cha kisasa, kunawa mikono, utawala bora. Huyu alikitumia kutushangilia, tena kushangilia timu ambayo hata sisi wenyewe wakati ule tulikuwa tunaishangilia kwa woga.

Ndiyo maana nasema umaarufu wake ulizaliwa na kufungwa. Tuirudie mechi ya Kenya, Juni 27, maana hiyo ndiyo iliyotuuma kuliko zote. Senegal ya Sadio Mané ingetufunga siku yoyote, na Algeria ndiyo iliyoondoka na kombe. Kenya ni jirani. Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na kabla Wakenya hawajamaliza kukumbatiana Samatta akafunga la pili dakika ya 40. Tulikwenda mapumziko tukiongoza. Kwenye vibanda umiza vya Majengo na Pasua watu walikuwa wameshaanza kupiga hesabu za kuingia hatua ya mtoano. Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza dakika ya 80, na hesabu zikaishia hapo.

Timu ikifungwa namna hiyo, shabiki anabaki na uamuzi mmoja tu: kuikana au kubaki nayo. Wenyeji hatuna pa kwenda, tutabaki. Mgeni ana pa kwenda. Mtu wa London akichoka na Taifa Stars anaweza kuhamia timu nyingine jioni hiyo hiyo na hakuna atakayemdai kitu. Mpanda mlima naye huja kwa ajili ya kilele, na akikikosa, mara nyingi harudi. Bongo Zozo hakuhama. Tulipofungwa alikuwa upande wetu, mechi iliyofuata alikuwa upande wetu, na tulipofungwa tena bado alikuwa hapo na bendera. Watanzania wanaweza kusamehe mengi kwa mtu aliyefungwa pamoja nao. Angejitokeza siku tumeshinda, tungemwona kama mtalii mwingine aliyekuja kupiga picha kwenye ubao wa kilele cha Uhuru na kushuka.

Hayo ni ya moyo. Yapo pia ya ufundi, na ni vibaya kuyapuuza, maana Bongo Zozo ni mburudishaji, na mburudishaji anajua anachokifanya. Jukwaa la mpira ni gumu kuliko ukumbi wa harusi. Mshereheshaji wa harusi ana kipaza sauti, ana taa, ana watu mia tatu waliokuja wakijua atazungumza. Shabiki ana mapafu yake tu, amezungukwa na maelfu wanaopiga kelele, na macho ya wote yako uwanjani. Ili aonekane lazima awe na umbo linalotambulika kutoka mbali na asilibadilishe. Bongo Zozo alichagua bendera kubwa na jezi, akabaki navyo. Lazima pia awe tayari sekunde ile kamera inapogeuka, kwa sababu mwelekezaji wa matangazo ya televisheni hutafuta sura wakati mpira umetoka au mchezaji ameumia, na nafasi hiyo haidumu. Na maneno yake lazima yawe mafupi, yaweze kukatwa yakawa klipu ya nusu dakika na bado yakaeleweka kwa mtu anayeyapokea kwenye kundi la WhatsApp akiwa kwenye daladala ya Kiboriloni.

Hapo ndipo Kiswahili chake kilipofanya kazi kubwa. Kama angesema Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari, tungempongeza na kumsahau. Alisema Kiswahili cha kijiweni, chenye mikato yake, utani wake na hasira zake, kile ambacho mtu hakipati darasani. Ukifumba macho unamsikia shabiki lialia wa kawaida. Ukifumbua unaona mzungu. Mshtuko huo mdogo ndio uliowafanya watu waitume klipu kwa mwenzao, na mwenzao kwa mwingine.

Mashindano yalikwisha, na kwa kawaida mambo ya namna hii huisha nayo. Kilichompa Bongo Zozo maisha ya pili ni Samatta. Januari 2020 Mbwana Samatta alitoka Genk ya Ubelgiji na kusajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wanaokumbuka wiki zile watakumbuka jinsi Watanzania walivyojaa kwenye kurasa za Villa mitandaoni, wakiandika Kiswahili chini ya kila picha, mpaka Waingereza wakauliza kulikoni. Samatta alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Bournemouth, Februari 1. Machi 1 alifunga kwa kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Villa ilifungwa 2-1. Sisi tulikuwa na mtu wetu kule na hatukuwa na visa. Bongo Zozo alikuwa kule tayari. Alionekana akimshangilia Samatta kwa Kiswahili na bendera yetu, akituletea kwenye simu zetu harufu ya uwanja ambao wengi hatutaukanyaga.

Siku chache baadaye korona ikasimamisha ligi. Samatta hakufunga tena kwa Villa, na Septemba mwaka ule akahamia Fenerbahçe ya Uturuki. Kurasa za Villa zikarudi kuwa za Waingereza. Bongo Zozo akabaki nasi. Baadaye tukamwona nchini mwenyewe, kwenye mechi, kwenye hafla, na kwenye kazi ya kutangaza utalii wa Tanzania. Mtu aliyeanza kwa kushangilia timu akawa anaalika wageni waje kuiona nchi, na mlima huu nao ukiwemo.

Nafika kwenye sehemu ya sura hii ambayo nimeifikiria kuliko zote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nimetafuta kwa miaka mahali ambapo hilo linatimia kwa shabiki wa Kitanzania, na ninapata shida. Chukua Uwanja wa Ushirika hapa Moshi. Kuanzia msimu wa 2019/20 hadi 2022/23 tulikuwa na timu ya Ligi Kuu, Polisi Tanzania. Simba au Yanga ikija, jukwaa linafunikwa na nyekundu na nyeupe, au kijani na njano, kuanzia mwisho hadi mwisho, na rangi za wenyeji unazitafuta. Mji mzima unamshangilia mgeni nyumbani kwake. Lakini walikuwepo wachache waliokaa upande wa Polisi mpaka mwisho, wakipiga ngoma yao kwenye mechi za mchana wa Jumatano ambazo hata redio hazikuzitaja. Timu ilipoteremka daraja mwaka 2023 waliteremka nayo. Hakuna aliyewaita kwenye hafla. Wapo pia wanaotoka hapa kwa basi, zaidi ya kilometa 500 hadi Dar es Salaam, wanaingia Uwanja wa Mkapa, wanapoteza sauti, wanapanda basi la usiku na asubuhi wako dukani. Mapenzi yao kwa Stars hayazidiwi na ya mtu yeyote.

Kwa nini basi jina likaenda kwa Mwingereza? Sehemu ya jibu ni rangi yake, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Mtanzania akipeperusha bendera ya Tanzania anafanya lililo wajibu wake, hakuna habari hapo. Mzungu akiipeperusha ni habari. Kuna furaha ndani ya habari hiyo, na kuna kidonda pia: bado tunaamini kwamba kitu chetu kinathibitika kuwa kizuri pale mtu wa nje anapokisifu. Sioni kosa la Bongo Zozo hapo. Yeye alitoa alichokuwa nacho, na alikitoa kwa moyo. Kosa ni la macho yetu, yanayompita jirani na kumwona mgeni.

Na rangi peke yake haitoshi kueleza. Wazungu wenye jezi za Stars wamepita wengi na hatuwakumbuki. Aliyedumu ni yule aliyekuja na ufundi na akabaki wakati wa kufungwa. Vilevile sisi wenyewe tumewahi kuwainua wa kwetu pale walipokuwa na ufundi huo. Mwaka 2021 mzee mmoja wa Yanga anayejulikana kama Mzee Mpili alijitapa mbele ya kamera kwa wiki kadhaa kwamba Simba safari hii haitoki. Julai 3 Yanga ikashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya, na mzee akalala shabiki akaamka staa, anatafutwa na kila kipindi cha michezo. Hakuwa na bendera wala mbwembwe za mwili. Alikuwa na ulimi, na uso mkavu wa mtu asiyetania. Haji Manara naye, aliyekuwa msemaji wa Simba kisha wa Yanga, alithibitisha kwamba mpira wa nchi hii unaweza kumfanya mtu kuwa mburudishaji mkubwa kuliko wanamuziki wengi bila kupiga hata pasi moja. Lakini Manara alikuwa na ofisi nyuma yake na klabu iliyomlipa. Ninaowahangaikia mimi ni wale wasio na ofisi.

Kenya inatupa kisa kinachoumiza. Isaac Juma alikuwa muuza magazeti wa Mumias, Kaunti ya Kakamega. Kwa miaka mingi alikuwa ndiye sura ya AFC Leopards na Harambee Stars: mwili mzima umepakwa rangi, anacheza, anabinuka, anazunguka uwanja mzima kabla ya mchezo kuanza. Hapakuwa na mpenda soka wa Kenya asiyemjua. Picha zake zilichapwa kwenye magazeti yale yale aliyokuwa akiyauza. Januari 2022 aliuawa nyumbani kwake, na mgogoro wa ardhi ukatajwa kuwa chanzo. Rambirambi zilimiminika kutoka kila upande, na waliozitoa walikuwa na ukweli ndani yao. Ila mtu aliyewaburudisha Wakenya kwa kipindi chote hicho alikuwa ameishi kwa faida ya magazeti. Umaarufu wa jukwaani ulikuwa haujamfikia mfukoni.

Uhispania ilimtendea wake tofauti kidogo. Manuel Cáceres, waliyemwita Manolo el del Bombo, alizunguka Kombe la Dunia baada ya Kombe la Dunia tangu 1982 akiwa na ngoma moja kubwa, akafungua baa karibu na uwanja wa Mestalla kule Valencia, na alipofariki Mei 2025 shirikisho la soka la nchi yake lilimwomboleza kama mtu wa familia.

Na hivi karibuni, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco Desemba 2025 na Januari 2026, Afrika nzima ilimjua Michel Kuka Mboladinga wa Kongo. Huyu alifanya kinyume cha kila kitu nilichokieleza. Hakuimba, hakurukaruka, hakusema neno. Alivaa suti, akajifananisha na Patrice Lumumba, akapandisha mkono wa kulia kama sanamu ya Lumumba iliyoko Kinshasa, akasimama hivyo bila kutikisika mchezo mzima. Wenzake waliomzunguka walicheza na kupiga ngoma, yeye kimya. Mechi dhidi ya Algeria ilipokwenda hadi dakika za nyongeza, alisimama nazo pia, mpaka bao likaingia upande wa Kongo na mwili ukashindwa kuficha. Mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alimwigiza kwa dhihaka baada ya mchezo, kisha akaomba radhi alipoelezwa uzito wa sanamu ile. Namtaja Mboladinga kwa sababu anaonyesha kwamba shabiki wa Kiafrika anaweza kuzua sanaa yake mwenyewe, yenye historia ndani, na dunia ikamjua kwa jina. Hakuhitaji kuwa mgeni. Alihitaji wazo, na kuliheshimu wazo hilo mpaka filimbi ya mwisho.

Mawazo ya namna hiyo hayajapungua kwenye mlima huu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, na kilele kikaitwa Uhuru. Mita 5,895 juu ya bahari hakukuwa na umati. Tendo lile lilifanywa ili lionekane na watu wasiokuwepo, na watu wasiokuwepo waliliona, kwani hata leo mtoto wa darasa la nne analisimulia. Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza mechi kamili ya soka kwenye kreta ya mlima, mita 5,714, ikaisha 0-0 na kuingia kwenye rekodi za dunia. Simba nao, Julai 2023, walipandisha jezi zao mpya za msimu hadi kileleni kuzizindua. Katika matukio haya ya miaka ya karibuni kuna watu waliokuwa pembeni, wamebeba mahema, chakula na mipira yenyewe. Kwenye mechi ile ya kreta, wagumu na waongozaji walikuwa miongoni mwa mashabiki wachache kabisa waliowahi kushuhudia soka mahali pa juu kiasi kile. Natamani ningesikia walishangilia vipi.

Desemba 30, 2025, Taifa Stars ilitoka sare ya 1-1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum, na kwa mara ya kwanza katika historia yake ikavuka hatua ya makundi. Tarehe ile ina maana yake huku. Wachaga wamesharudi nyumbani, barabara za Marangu, Kibosho na Machame zimejaa magari yenye vumbi la safari, mbuzi wamechinjwa, mbege imeiva. Familia zilizotawanyika mwaka mzima zilikuwa chini ya paa moja mbele ya televisheni moja. Siku tano baadaye Morocco ikatutoa Rabat kwa bao moja la Brahim Díaz, na watu wakaanza kufunga mizigo kurudi Dar. Lakini walikuwa wamepata walichokosa mwaka 2019: timu ya kusifiwa kwa matokeo yake, bila kuhitaji mgeni wa kuwafariji.

Na sasa mashindano yenyewe yanakuja kwetu. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja, na Arusha, kiasi cha kilometa 80 kutoka Moshi, imepangiwa uwanja mpya. Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Mwika, akatazama mechi, akalala kwake. Kamera za bara zima zitakuwa zikitafuta sura jukwaani. Bongo Zozo akija, na namwombea aje, apewe nafasi ya mbele kabisa na bendera yake. Ameilipia kwa kufungwa pamoja nasi.

Ila mimi ningependa wanaomzunguka wawe wagumu. Wanajua kuanzisha wimbo na kuitikia, wanajua kumchangamsha mtu aliyekata tamaa, na wamezoea kuimba pale Barafu, zaidi ya mita 4,600, ambapo mwenye afya njema anahema akifunga kamba za viatu. Dakika 90 za Arusha ni kitu kigumu kwa wengine, kwao ni kazi nyepesi. Shirikisho la soka likitaka kikosi cha washangiliaji kinachoweza kuifanya Senegal au Morocco isisikie maelekezo ya kocha wake, lisiende mbali, wala lisisubiri mwaka wenyewe ufike. Na safari hii wasiitwe kwa jina la jumla. Kila mmoja wao huandikishwa getini kabla ya kupanda, kwa hiyo majina yao yapo: Marangu, Machame, Londorosi, kwa tarehe na kwa safari.